Komeo Upande wa Jirani

Sindano alifungua kufuli la mlango wa mbele, akausukuma kwa bega, akaita kama anavyoita kila siku, "Mama, nimerudi! Usinyanyuke, nakuja kukutilia chai." Nyumba ikanyamaza.

Alikuwa ametoka kupeleka mapazia kwenye mkahawa mpya wa vioo pale kona, kazi ya nenda rudi. Sindano ndilo jina alilopewa na mtaa alipoanza kushona, enzi hizo msichana mwembamba wa kupeperushwa na feni. Sasa ni mwanamke wa makamo aliyejaa vizuri tu, lakini mtaa ukishakubandika jina haukupimi tena kiuno. Akaingia chumbani, kitanda kitupu. Akaingia jikoni, hakuna mtu. Akainama akachungulia chini ya meza ya cherehani, jamani, mtu mzima na akili zake anamtafuta mama yake mzazi chini ya meza.

Na kufuli je, si lilikuwa limefungwa? Lilikuwa limefungwa, amelifungua sasa hivi kwa mkono wake mwenyewe. Madirisha yana nondo. Mama yake ni bibi wa miguu iliyovimba ambaye akili yake ilianza kumhama kidogo kidogo: kwanza zilikwenda siku za juma, kisha yakaenda majina ya watu, na mwisho ikaenda sura ya binti yake. Asubuhi nyingine alimjua. Asubuhi nyingine alimwuliza kwa adabu kabisa, "Mwenzangu, wewe ni mgeni wa nani hapa?" Sindano alikuwa akilia jikoni, ananawa uso, anarudi kumjibu kwamba ni mgeni wake yeye.

Huko juu ya mtaa tingatinga lilikuwa linanguruma tangu asubuhi. Leo walikuwa wanaanza kubomoa safu yao, wakianzia ile nyumba ya mwisho ya mwokaji na kushuka chini. Nyumba zote za safu zilikuwa zimeshahamwa. Waliobaki ni Sindano na mama yake, mwisho huku wa chini, na wao walikuwa wameambiwa zamu yao ni baada ya mvua.

Ndipo macho yake yalipoangukia mlango wa nyuma. Aliusukuma kwa kidole tu. Ukafunguka.

Hapa inabidi msomaji aelezwe jambo moja kuhusu mtaa ule, maana mgeni hawezi kulidhania. Nyumba za safu ile zilipakana ubavu kwa ubavu, ua kwa ua, na kati ya ua mmoja na mwingine kulikuwa na mlango. Mlango wa mbele ulikuwa wa wageni, wa posta na wa polisi. Mwenyeji alipita ndani. Ulitoka kwako ukaingia kwa Mzee Saa, fundi wa saa, ukampa hali, ukaingia kwa watu wa magodoro, ukajaa pamba nyweleni, ukatokea kwa Mama Mikate ukiwa na njaa na ukaondoka umeshiba. Mtoto wa pale alijua kuomba radhi kwa lugha nne kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Na komeo la kila mlango wa nyuma lilikuwa upande wa jirani. Ndiyo, upande wa jirani. Zamani, kabla Sindano hajazaliwa, iliungua nyumba moja na watu wake ndani, wamejikomea, majirani wanapiga mlango kwa mashoka huku wanasikia sauti zikipungua. Baada ya maziko wanawake wa safu nzima walikaa uani, wale waliokuja na reli, wale waliokuja na meli, wale waliokimbia vita ya kwao na mtoto mgongoni, kila mmoja na sala yake na kilemba chake, nusu yao hawaelewani kwa maneno. Wakakubaliana. Wanaume wakaambiwa walete bisibisi. Makomeo yakang'olewa ndani yakapigiliwa upande wa pili, na tangu siku hiyo kila nyumba ilifungwa usiku na jirani wa juu yake na kufunguliwa asubuhi na jirani huyohuyo. Ukigombana na jirani yako mchana, jioni ilibidi mpatane, usije ukalala unamfikiria.

Mama yake alipoanza kutangatanga, Sindano ndiye aliyekwenda kwa Mzee Saa kumwomba komeo libaki limefungwa hata mchana. Mzee wa watu aliweka chini kioo chake cha jicho. "Binti yangu, mtu mzima kukomewa mchana kweupe? Mtaa huu hatujafanya hivyo."

"Babu, atagongwa na gari."

"Haya. Kwa ajili yako wewe. Lakini sifurahii."

Juzi Mzee Saa alihama. Sindano alimsaidia kubeba saa za ukutani hadi kwenye gari la mizigo, wakakumbatiana, wakalia, wakachekana kwa kulia. Na mzee, mtu wa desturi mpaka kucha, kabla ya kutoka alipita uani akalivuta komeo, maana anayehama hamwachi jirani yake amekomewa. Wote waliohama safu ile walifanya hivyo. Sindano alilijua jambo hilo kama anavyojua rangi ya macho yake, na bado halikumjia. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, umekaza, ameuona umefungwa akautazama hivyohivyo kwa siku mbili, mpaka leo mama yake alipousukuma akaulegeza. Mtu wa mahali pengine angekwenda kununua kufuli la pili. Mtu wa mtaa ule alikuwa amezoea kufungiwa.

Akaanza kukimbia.

"Mama! Mama wee!"

Ua wa Mzee Saa ulikuwa umeachwa mtupu, umefagiliwa. Akaingia kwa watu wa magodoro. Pale palikuwa na mama mmoja mkali kama pilipili, aliyekataza kiatu kuvuka kizingiti chake hata kama mvua inanyesha mawe, na mumewe mpole aliyechambua pamba siku nzima bila kuinua kichwa. Walihamishiwa huko mbali, mwisho wa barabara ya lami, kwenye ghorofa ambalo mama mkali alisema halina mtu wa kumgombeza. Kwenye kizingiti chao, kando kabisa, zimepangwa vizuri pamoja, visigino ukutani, zilikuwa kandambili za mama yake.

"Ee Mungu wangu," alisema Sindano. Bibi alikuwa ametembelea watu. Hakupotea hata kidogo. Sindano ndiye angepotea, maana angekuwa barabarani sasa hivi anauliza wapita njia, na mama yake hakuwahi maishani mwake kwenda kwa mtu kwa kupitia barabarani.

Kutoka kwa watu wa magodoro mlango uliofuata ulikuwa wa Mama Mikate, yule mwokaji, na nyuma ya mlango huo ndipo lilipokuwa tingatinga. Vumbi lilikuwa linapenya kwenye mbao. Sindano aliushika mlango akausukuma, ukakataa. Akausukuma kwa mgongo. Ukakataa. Akaweka jicho kwenye ufa akaona kile chuma cheusi kimepita mahali pake: umekomewa upande wa pili. Mama yake alikuwa amefika kwa shoga yake, na kama mwanamke yeyote wa safu ile aliyelelewa vizuri, alikuwa amegeuka akamfungia jirani wa chini.

Alipiga mlango kwa ngumi. Alipiga kwa tofali. Aliita mpaka sauti ikapasuka, na kila alipoita, kule ndani kitu kizito kilianguka na sauti yake ikamezwa. Mikono ilikuwa inatoka damu. Hakuona. Akageuka, akapita mbio ndani ya nyumba ya magodoro, akafungua mlango wao wa mbele kwa teke na kutokea barabarani, na viatu vyake alikuwa hajavivua.

Eneo lilizungushiwa mabati. Msimamizi wa kazi, kijana wa haja mwenye kofia ngumu ya njano na vumbi mpaka kwenye kope, alimwona anakuja akainua viganja vyote viwili.

"Mama, simama hapo hapo."

"Zima! Zima hilo dude! Mama yangu yumo ndani!"

"Hakuna mtu ndani. Tumekagua jana, tumekagua na leo asubuhi."

"Nakwambia yumo!"

"Mama, nisikilize na mimi." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. "Wiki hii, kwenye safu nyingine, nimeambiwa ndani kuna mgonjwa, nikasimamisha, hakuna. Nimeambiwa kuna mtoto, nikasimamisha, akatoka paka. Jana babu mmoja amelala mbele ya mashine na mto wake kabisa. Najua inauma. Lakini nami nina wakubwa wangu."

"Mlikagua kwa mlango gani?"

"Mlango gani tena? Wa mbele. Ulikuwa na kufuli letu."

"Na wa nyuma?"

Msimamizi akamtazama. "Ina mlango wa nyuma?"

"Umekomewa! Umekomewa kwa ndani sasa hivi, baba, nenda kautazame kwa macho yako, nipige hata makofi kama nasema uongo! Nyumba tupu inajikomea yenyewe?"

Hilo ndilo lililomwingia. Akageuka akapunga mikono yote miwili juu ya kichwa na kupiga mluzi. Tingatinga likakohoa, likazima. Sindano alikuwa ameshapita katikati ya mabati.

Sehemu ya mbele ya nyumba ilikuwa kifusi. Pale ambapo palikuwa na kaunta, na foleni ya watoto wenye vikapu, na watu wa misikiti na makanisa na lile hekalu dogo wakisukumana kwa heshima ili kila mmoja awahi mkate wa moto kabla ya ibada yake, sasa palikuwa na anga. Tanuri lilikuwa limebaki wima. Nyuma yake ulibaki ukuta mmoja mrefu, umeinama. Na kwenye kibaraza cha tofali mbele ya tanuri alikaa mama yake, peku, mikono mapajani, mweupe kwa vumbi tangu utosini, anasubiri kama mtu aliyekaribishwa.

Msimamizi alimshika Sindano mkono. "Usipige kelele," alinong'ona. "Ule ukuta hauna kinachoushika. Mtoe polepole, na mtoe sasa."

"Mama," alisema Sindano.

Bibi aliinua macho. Hayakuwa na kitu ndani. "Ninyi ni kina nani? Tokeni. Mwenye nyumba ametoka, anarudi sasa hivi."

"Mama, ni mimi. Twende nyumbani."

"Siendi popote na wewe." Alikishika kishikio cha mlango wa tanuri kwa mikono yote miwili. "Sikujui. Ukinigusa napiga ukelele." Kutoka juu ya ukuta likadondoka tofali, likavunjikia hatua moja kutoka miguu yake, wala hakulitazama.

Sindano alitaka kumrukia ambebe. Msimamizi alitikisa kichwa: akipiga ukelele, akivutana, basi. Wakasimama. Hata pumzi walikuwa wanazivuta kwa akiba. Na hapo, katikati ya hofu ile, Sindano alikumbuka kitu cha kitoto, cha aibu. Walipokuwa wadogo, yeye na wenzake walikuwa wakimwigiza Mama Mikate, ambaye aliishi mtaani pale maisha yake yote na Kiswahili kikakataa kumkalia mdomoni. Walimwigiza nyuma ya mlango wanakufa kwa kucheka. Siku moja mama yake alimkamata, akamfinya mpaka akakoma. Mama Mikate alikwishafariki. Sindano alimshonea sanda yeye mwenyewe.

Akaweka mkono kiunoni, kama alivyosimama yule marehemu.

"Dada ya mimi!" alisema. "Wewe nakaa vumbini kwa nini? Mimi natafuta wewe soko nzima!"

Uso wa bibi ukafunguka. Loo, jinsi ulivyofunguka! Sindano hakuwa ameuona uso ule tangu maradhi yaanze, na hata sasa haukufunguka kwa ajili yake.

"Wewe!" mama yake alisema. "Umechelewa hivyo, mikate si imeungua?"

"Wacha naungua. Njoo, dada. Shika mkono ya mimi."

Bibi akaachia kishikio, akanyanyuka, akauchukua mkono wa binti yake. Walitoka hatua kwa hatua juu ya kifusi, msimamizi akitangulia akiondoa mawe njiani. Na njiani mama yake akamsogelea sikioni kama wanawake wanavyosogeleana kwa siri.

"Nimekuja kwako kwa sababu kule nyumbani kuna mwanamke."

"Mwanamke gani, dada?"

"Simjui katokea wapi. Ananifungia. Akitoka anafunga, akirudi anafungua. Ananilisha, sitamsingizia, ananilisha na kuniogesha. Lakini ananifungia, mwenzangu. Nimempigia Mzee Saa mlango siku nyingi, hafungui. Nimejificha kwako. Usimwambie."

Sindano alikuwa analia waziwazi sasa, machozi yanachora mistari kwenye vumbi. "Mimi hapana sema," alijibu. "Mimi hapana sema mtu."

Walipovuka mabati msimamizi alipunga mkono. Tingatinga likawaka, ukuta ukaenda chini, na tanuri pamoja nao. Bibi hakugeuka. Alikuwa anasimulia habari za bei ya unga.

Wakateremka na barabara, msimamizi akifuatana nao, maana alitaka aone kwa macho yake mlango umefungwa na watu wamo ndani. Barabara ile Sindano aliijua kwa miguu tangu hajajua kusema, na leo hakukuwa na mlango wa kugonga. Pale kwa mchonga mihuri palikuwa na vioo. Pale kwa wauza viungo palikuwa na picha kubwa ya ghorofa lisilojengwa bado, na watu wa kuchorwa wanacheka barazani. Vijana wenye kompyuta mapajani waliinua macho wakawatazama wanawake wawili weupe kwa vumbi, wakayarudisha chini.

Mlangoni kwao mama yake akasimama.

"Si humu."

"Ingia, dada."

"Si humu!" Alikuwa anauvuta mkono wake kutoka mkononi mwa Sindano. "Humu ndimo mwake! Twende kwako. Umesema unanipeleka kwako!"

Kwake wapi, na kwake ndiko kunakotoka ule moshi wa vumbi? Sindano alichoka kujifanya marehemu. Akamshika mama yake mabega yote mawili akamtazama usoni, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyozaliwa nayo, "Mama. Ni mimi. Mwanao. Nitazame, mama yangu, ni mimi."

Bibi akamtazama. Kisha akapiga ukelele ambao ulisimamisha kila kitu kwenye kona ile.

"Ni yeye! Ndiye huyu! Nisaidieni jamani, anataka kunifungia!"

Watu wakatoka mkahawani. Msichana aliyepokea mapazia asubuhi alikuja mbio, na mlinzi mwenye sare mpya, na wengine wakiwa wameshika simu zao juu. Mama yake akajinasua akakimbilia kwa mlinzi. Wakamzunguka bibi, wakampa maji, wakamwuliza kwa upole, "Bibi, unamfahamu huyu?"

"Simjui."

"Ni mama yangu mzazi!" alisema Sindano. "Mgonjwa. Hakumbuki. Msichana, si umenipokea mapazia leo?"

"Nimepokea," alisema yule msichana, akiwa na huruma na woga pamoja. "Lakini mama, mimi nakujua kama fundi tu."

Mlinzi akaliangalia kufuli lililoning'inia mlangoni. "Ni kweli unamfungia?"

"Namfungia kwa sababu..." Akamgeukia msimamizi. "Waambie! Wewe umetutoa kule, waambie!"

Msimamizi alivua kofia yake. Alikuwa mtu mkweli, na alisema ukweli. "Nimemsikia bibi akisema hamjui. Halafu huyu akabadilisha sauti, akajifanya mtu mwingine, ndipo bibi akakubali kutoka. Sijui zaidi ya hapo."

Mmoja wa wenye simu akasogea karibu zaidi.

"Sikiliza, mama," mlinzi alisema, na hakuwa na ukali wowote. "Hatukushutumu. Tutajie mtu mmoja tu wa hapa mtaani anayewafahamu. Mmoja tu, tumwite, aseme huyu ni mama na huyu ni mwanawe, yaishe."

Sindano aliangalia juu ya barabara na chini ya barabara, uso mmoja baada ya mwingine, wote vijana, wote wasafi, wote wakisubiri kwa nia njema kabisa. Alikuwa amezaliwa hatua chache kutoka pale, mikononi mwa wanawake wa lugha nne, na hapakuwa na mtu wa kumtaja. Mama yake alikuwa amejificha nyuma ya mgongo wa mlinzi, amelishika shati lake kwa mikono miwili, na alikuwa anatetemeka kwa kumwogopa yeye.